Wimbi la maambukizi na aina mpya ya kirusi: uhusiano wake hujulikanaje?

Wimbi la mlipuko ni kipindi ambacho maambukizi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka na kutulia. Aina mpya ya kirusi ni jambo jingine: ni ukoo wa kirusi uliokusanya mabadiliko ya kutosha katika vinasaba vyake hata ukatofautika na koo nyingine. Wakati wa Korona tulizoea kusikia "wimbi la Delta" au "wimbi la Omicron", hadi ikaonekana kana kwamba kila wimbi lina kirusi chake. Sivyo ilivyo, na Kenya inatupa ushahidi mzuri.

Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wimbi la kwanza lilifika kilele katikati ya mwaka huo, la pili likaja Oktoba na Novemba. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi waliposoma vinasaba vya virusi kutoka kaunti za Pwani, waliukuta ukoo uleule wa B.1 ukitamba katika mawimbi yote mawili. Basi wimbi la pili lilitoka wapi? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulieleza kwamba wimbi la kwanza liliwapata zaidi wakazi wa mijini wa kipato cha chini, ambao hawakuwa na uwezo wa kujifungia nyumbani. La pili likawafikia wale wa kipato cha juu zaidi walipolegeza tahadhari na kurudi kuchangamana. Kirusi hakikubadilika, waliobadilika ni watu kiliowapata.

Wimbi la tatu, la Machi 2021, lilikuwa tofauti. Safari hii aina mpya za Alpha na Beta zilikuwa zimeingia, na Alpha ikapanda haraka kuliko koo za zamani. Tarehe 26 Machi serikali ilizifungia kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Kiambu, Machakos na Nakuru. Mwezi Mei Delta ikagunduliwa Kisumu, maambukizi yakapamba moto magharibi mwa nchi, kisha wimbi la nne likasambaa kwingine. Mwishoni mwa mwaka ikawa zamu ya Omicron.

Ili kujua kama aina mpya ndiyo inayosukuma wimbi, vipimo viwili husomwa pamoja: idadi ya maambukizi kila wiki, na sehemu ya maambukizi hayo inayotokana na kila aina. Idadi peke yake inaweza kudanganya vibaya. Chukua mfano huu wa hesabu tu. Nchi ina maambukizi 1,000 kwa wiki: 980 ya aina ya zamani na 20 ya aina mpya. Ya zamani inapungua kwa asilimia 20 kila wiki. Mpya inaongezeka maradufu. Wiki inayofuata jumla ni 824, kisha 707, kisha 662. Kwenye taarifa ya kila siku watu wanaambiwa ugonjwa unaisha. Lakini kufikia wiki hiyo ya tatu aina mpya imeshafika 160, karibu robo ya maambukizi yote. Wiki ya sita jumla ni zaidi ya 1,500. Wimbi lilianza zamani, ila lilikuwa limejificha ndani ya mteremko wa lile lililotangulia. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kutaka vinasaba visomwe hata wakati hospitali zimetulia.

Afrika Kusini ilionyesha faida yake. Novemba 2021 maambukizi yalikuwa machache, lakini maabara ziliona kwamba baadhi ya vipimo vya PCR, vile vinavyotafuta vinasaba vya kirusi, katika jimbo la Gauteng havikuiona jeni moja ya kirusi, ile iitwayo S. Vinasaba viliposomwa, ilionekana aina yenye mabadiliko mengi mno. Shirika la Afya Duniani lilijulishwa tarehe 24 na siku mbili baadaye likaipa jina Omicron.

Aina mpya huishinda ya zamani kwa njia mbili kuu: inaambukiza kwa wepesi zaidi, kama ilivyokuwa Alpha, au inakwepa kinga ya waliougua na waliochanjwa, jambo lililoipa Omicron nguvu kubwa. Lakini kupanda kwa asilimia si ithibati kwamba kirusi kina nguvu. Sherehe moja yenye watu wengi inaweza kueneza ukoo wowote. Na sampuli zikichukuliwa kwa wasafiri wa uwanja wa ndege, au katika mji mmoja tu, zitaonyesha hali ya hao, si ya nchi. Kwa hiyo wataalamu hungoja waone aina hiyo ikipanda sehemu kadhaa zisizohusiana, kwa mwendo unaofanana, huku koo nyingine zikipungua. Hapo ndipo husema wimbi hili ni lake.