Mgongo unauma: ni figo, ni diski, au kuna jingine?

Kila mgongo ukiniuma naambiwa ni figo. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli. Maumivu ya figo hukaa ubavuni chini ya mbavu, kwa kawaida upande mmoja, na huweza kuja na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Kuinama au kujigeuza kitandani hakuyabadilishi sana. Mgongo unaokuuma ukiinua ndoo, ukatulia ukilala, huo ni wa misuli, viungio na pingili. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwa takribani tisa kati ya kila 10 hakuna ugonjwa mmoja wa kunyooshewa kidole.

Daktari hakunipiga picha. Aliniuliza maswali, akaninyanyua mguu, basi!

Hapo ndipo alipokuwa kazini. Umelala chali, anaunyanyua mguu umenyooka. Maumivu yakishuka kama umeme kutoka kiunoni hadi chini ya goti kabla mguu haujafika nyuzi 70, anashuku mzizi wa neva umebanwa, mara nyingi na diski (mto laini ulio kati ya pingili) iliyotokeza. Anapokutembeza kwa visigino, halafu kwa vidole, anapima neva mbili tofauti za mguu huohuo.

Picha ingemwambia machache. Watu wasioumwa chochote walipopigwa picha, diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ndiyo maana sipendi kusikia mgonjwa akiambiwa "pingili zimesagika". Anatoka pale anaogopa kuinama, na mgongo usioinamishwa hukakamaa.

Ni lini sasa niwe na wasiwasi?

Mkojo ukiziba au ukitoka bila habari yako, ganzi ikishika sehemu unazokalia baiskeli, au miguu ikilegea, nenda hospitali kubwa leo hii. Neva za mwisho wa uti wa mgongo zikibanwa muda mrefu huenda zisipone. Aliyeanguka kutoka mnazini au kwenye bodaboda naye asisubiri, wala aliyewahi kuugua saratani, hasa ya titi au tezi dume.

Huku kwetu kuna mwingine anayejificha: kifua kikuu cha mgongo. Hakina haraka. Maumivu huanza kidogo kidogo kwa wiki au miezi, hayatulii usiku, mwili unapungua, jasho linalowesha shuka. Wengi hawakohoi hata kidogo, kwa hiyo hakuna anayeifikiria TB, na mtu anazunguka na vidonge vya maumivu mpaka mgongo unatokeza kibiongo au miguu inakufa ganzi. Hapo picha inahitajika kweli, pamoja na vipimo vya TB. Kikiwahiwa hutibika kwa dawa zilezile za kifua kikuu, ila kwa muda mrefu zaidi. Programu nyingi hutoa hadi miezi 12. Kwa wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, homa ya vipindi pamoja na mgongo humfanya daktari aulizie pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Nilale mpaka nipone?

Hapana. Siku moja au mbili za kujihurumia sawa, kisha amka, tembea, rudi kazini taratibu. Hata diski iliyobana neva, kwa wengi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu.

Na mkanda wa kiuno?

Okoa pesa yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haushauri mikanda, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa za jamii ya mofini. Unashauri mazoezi na elimu.

Sindano ya diklofenaki je?

Vidonge vyake, kwa siku chache na baada ya chakula, hutosha. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au ujauzito amweleze mfamasia kabla hajatoa hela.