Uangalizi huru wa mahabusu: maana yake, na unavyofanya kazi Uganda

Uangalizi huru ni kazi ya watu wasio chini ya polisi, magereza wala jeshi kuingia mahali popote mtu anapozuiliwa, kutazama hali ilivyo, kuzungumza na waliomo bila askari kusikia, kuwaambia wakuu nini kibadilike, kisha kurudi kuona kama kimebadilika. Sehemu zote hizo zinahitajiana. Aliyeingia akanyimwa faragha na mahabusu amepita tu. Aliyeandika ripoti asirudi ameacha karatasi.

Kusudi lake ni kuzuia. Hapo ndipo dhana hii inapoachana na malalamiko, upelelezi na kesi, mambo ambayo huanza mtu akishaumizwa. Mwangalizi hasubiri mlalamikaji. Anaingia hata kituo ambacho hakijawahi kulalamikiwa, kwa sababu ukimya wa mahabusu huweza kuwa dalili ya kituo chema, na huweza pia kuwa dalili ya watu walioogopa mno, na ukiwa nje ya ukuta huwezi kutofautisha.

Wazo hilo kwa sura yake ya leo lilisukumwa na Jean-Jacques Gautier wa Uswisi kuanzia miaka ya 1970. Msalaba Mwekundu ulikuwa tayari unawatembelea wafungwa wa vita. Yeye akauliza kwa nini ziara za namna hiyo zisiwe za kudumu, wakati wa amani, kwa kila aliyefungiwa. Ulaya ilipata mkataba wake mwaka 1987. Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki ya nyongeza kwenye Mkataba Dhidi ya Mateso tarehe 18 Desemba 2002, nayo ikaanza kutumika Juni 2006.

Uganda ilijifunza haja hiyo kwa damu. Chini ya Idi Amin, watu walipotelea katika jengo la idara ya usalama pale Nakasero. Tume ya Jaji Arthur Oder iliyoundwa 1986 ilikusanya ushahidi wa waathirika kwa miaka, na katiba ya 1995 ikaunda Tume ya Haki za Binadamu ya kudumu. Ibara ya 52 inaipa kazi ya kutembelea magereza, mahabusu na mahali kama hapo, kukagua hali za waliomo na kutoa mapendekezo. Ibara ya 53 inaipa nguvu kama za mahakama: inaweza kumwita ofisa yeyote, kuagiza mtu aachiliwe, na kuagiza alipwe fidia.

Si tume peke yake. Sheria ya Magereza ya 2006 inawaruhusu majaji na mahakimu kuingia gerezani na kukagua. Kamati ya bunge ya haki za binadamu hufanya ziara. Mashirika ya kiraia huingia pia kwa ruhusa ya wenye kituo, lakini mlango unaofunguliwa kwa ruhusa hufungwa kwa sababu ndogo, kwa hiyo mashirika hayo hulazimika kupima kila neno wanaloliandika. Ndiyo maana neno "huru" lina uzito wake: ni haki ya kuingia iliyo ndani ya sheria, bajeti isiyopita mikononi mwa wizara inayokaguliwa, na wajumbe wasioweza kufukuzwa kwa ajili ya walichokiona.

Hatari kubwa ziko mwanzoni, kabla mtu hajafika mbele ya hakimu. Katiba inasema mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, ndugu zake wajulishwe, na aruhusiwe wakili na daktari. Mtoto, kwa sheria ya watoto, asikae polisi zaidi ya saa 24. Katika saa hizo mpelelezi anataka maelezo, ndugu hajui mtu wake yuko wapi, na wakili hajafika. Mwenye ratiba nzuri basi anaanzia vituo vya polisi, tena usiku na mwisho wa juma. Kwenda gereza la Luzira kila mwezi, saa nne asubuhi, kuna manufaa yake, lakini aliyefika Luzira ameshapita pale palipomuumiza.

Ziara yenyewe huanzia kwenye daftari. Kituo cha polisi kina daftari la mahabusu na kitabu cha matukio, kile kila mtu anachokiita SD. Mwangalizi anaomba vyote viwili kabla ya chai na kabla ya hotuba ya OC, yaani mkuu wa kituo, maana dakika 20 zinatosha kuandika majina yaliyosahauliwa. Kisha anahesabu vichwa.

Tuseme daftari lina majina 14 na selo ina watu 19. Wale watano ndio kazi ya siku hiyo. Mara nyingi jibu la askari wa zamu ni kwamba waliletwa usiku na kikosi kingine, "tukaambiwa tuwahifadhi". Mtu wa kuhifadhiwa ndiye aliye hatarini kuliko wote: kituo kinasema si wake, kikosi kinasema yuko kituoni, na akichukuliwa usiku ujao hakuna mstari unaoonyesha kuwa alikuwapo. Mwangalizi anaandika majina yao pale pale, anaomba yaingizwe daftarini mbele yake, na anaondoka na nakala.

Daftari lililojaa nalo lina ya kusema. Watu tisa walioingia siku tofauti wakiandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, wote saa mbili kamili asubuhi, hapo daftari limejazwa kwa mkupuo. "Ametolewa" bila saini yake, bila bondi (dhamana ya polisi), bila namba ya kesi, maana yake uliza ametolewa kwenda wapi. Tena kuna mbinu ya kumhamisha mtu kituo hadi kituo ili saa 48 zianze upya kila anapofika. Hiyo haionekani kwenye daftari la kituo kimoja, inaonekana ukiweka matatu mezani pamoja. Gerezani hesabu ni nyingine: mahabusu ambaye kesi yake haijaanza kusikilizwa ana haki ya dhamana baada ya siku 60, au siku 180 bila kesi kupelekwa Mahakama Kuu, kwa makosa yanayosikilizwa na mahakama hiyo pekee. Hati za rumande zina tarehe. Zisome.

Baada ya karatasi, selo. Pima kwa hatua kama huna futi. Msalaba Mwekundu unahesabu mita mraba 3.4 kwa kila mtu anayelala pamoja na wengine, na choo kimoja kwa watu 25. Selo ya mita tatu kwa nne ni mita mraba 12, yaani watu watatu. Wakiwa 19, kila mmoja ana sehemu isiyofika hata mkeka wa kuswalia, na wanalala kwa zamu. Magereza ya Uganda kwa jumla yamekuwa yakibeba zaidi ya mara tatu ya watu yaliyojengewa, kwa hiyo mwangalizi anayeandika "kuna msongamano" hajasema kitu. Aandike namba, aandike dirisha lina upana gani, maji yanatoka wapi, ndoo ya haja inamwagwa saa ngapi na nani. Aulize pia nani anagawa nafasi ya kulala. Mara nyingi ni nyapara, anayeitwa katikiro katika magereza mengi ya Uganda, na kipigo cha mfungwa mwenye cheo hakiwi jambo la wafungwa wenyewe ikiwa bwana jela ndiye aliyempa fimbo.

Mazungumzo ndiyo moyo wa ziara, na ndipo kunapoharibika zaidi. Kosa la kwanza ni kuzungumza na waliochaguliwa na OC. Kosa la pili, linalofanywa na watu wema kabisa, ni kumwita pembeni yule mmoja mwenye alama, mbele ya macho ya wote. Ziara ikiisha, kila mtu anajua nani amesema. Njia salama ni kuzungumza na wengi, kila mmoja muda unaolingana, hata wale wasio na la kusema, ili maneno yasiweze kufuatwa hadi kwa mwenyewe. Kaeni mahali ambapo askari anaweza kuona lakini hawezi kusikia. Mweleze mtu wewe ni nani, hutaweza kumtoa, na jina lake halitatumika bila yeye kukubali. Akikataa, acha, anayebembelezwa mara ya tatu ameshaanza kuhojiwa tena.

Lugha inataka busara. Mkalimani asiwe askari wala nyapara. Nasi tunaotumia Kiswahili tukumbuke kwamba kwa wazee wengi wa Buganda hii ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani na katika misako ya "panda gari" ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumfungulia mtu kama huyo mazungumzo kwa Kiswahili kunaweza kumfunga mdomo. Kwa mkimbizi wa Kikongo kutoka kambi ya Nakivale, Kiswahili hicho hicho kinamfungua. Uliza kwanza.

Daktari kwenye timu hana mbadala. Kuna alama ambazo mtu wa kawaida haoni. Chukua kandoya, neno linalojulikana nchini humo: mikono na miguu kufungwa kwa nyuma, pengine mtu akaning'inizwa. Alama za kamba hupotea. Lakini mishipa ya fahamu ya bega ikivutwa huchukua wiki au miezi kupona: vidole vinakufa ganzi, mkono haushiki kikombe. Daktari anamwambia mtu asimame mbele ya ukuta, aweke viganja vyote viwili na kuusukuma. Mfupa wa bega ukichomoza nyuma kama bawa, mishipa imeumia. Ni sekunde kumi, haihitaji kifaa. Rangi ya alama za kuvilia damu, kinyume na watu wanavyodhani, haitoi tarehe ya uhakika ya kipigo. Mahali zilipo kwenye mwili kunasema zaidi, maana anayeanguka huumia goti na kiganja, si unyayo wala mgongo. Yanayopatikana yanaandikwa kwa kufuata mwongozo wa Istanbul, ule wa kimataifa wa kuchunguza na kuandika alama za mateso, na mtuhumiwa aliyeumia anaombewa PF24, fomu ya polisi ya kumpeleka kwa daktari, akapimwe.

Sheria ya kuzuia mateso ya Uganda, ya 2012, inaweka kifungo hadi miaka 15, na cha maisha yakiwa mateso ya kiwango cha juu. Haikubali utetezi wa "niliagizwa", na maungamo yaliyotolewa kwa mateso hayapokelewi mahakamani. Ni sheria nzuri. Isipokuwa mtu aingie, aone na aandike mapema, sheria hiyo haina cha kushika.

Ziara ya kutangazwa ina matumizi, kwa mfano kukutana na wakuu wote siku moja. Lakini kituo kilichoarifiwa jana utakikuta kimepakwa chokaa, na waliojeruhiwa wamehamishwa. Kituo chema hakipotezi chochote kwa kugongwa hodi ghafla.

Kisha kuna mahali ambapo mlango hauko kwenye orodha yoyote. Katiba inataka mtu azuiliwe mahali palipoidhinishwa na sheria tu. Hata hivyo nyumba za siri, zile zinazoitwa "safe house", zimelalamikiwa kwa miaka mingi, na mwaka 2019 kamati ya bunge ya haki za binadamu ilipotaka kuingia zilizotajwa, ilizuiwa. Mtu anakamatwa na watu wenye nguo za kiraia, anaingizwa kwenye gari lenye vioo vyeusi, na hakuna daftari la kulisoma. Hapa ufafanuzi wa itifaki ya Umoja wa Mataifa unasaidia, kwa kuwa unahesabu mahali popote ambapo mtu anazuiliwa kwa amri ya serikali, au kwa serikali kujua na kunyamaza. Hospitali ya wagonjwa wa akili imo, makao ya watoto kama Kampiringisa yamo, na nyumba isiyo na kibao imo.

Uganda iliridhia Mkataba Dhidi ya Mateso mwaka 1986, lakini itifaki hiyo bado. Kwa majirani, Kongo, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini wamo. Kenya na Tanzania hawamo. Nchi ikiridhia inakubali mambo mawili: kuunda chombo chake cha ziara, na kuipokea kamati ya kimataifa yenye wajumbe 25, ambayo huchagua yenyewe pa kuingia. Kuridhia peke yake hakutoshi. Oktoba 2017 kamati hiyo ilisitisha ziara yake Rwanda ikiwa katikati, kwa kuzuiwa kuingia baadhi ya mahali na kwa kuhofia kwamba waliozungumza nayo wangelipiziwa kisasi. Huo ndio mpaka wa kazi hii: ukiona huwezi kumlinda anayesema nawe, unaacha kuuliza.

Ulinzi huo una umbo la kawaida sana, nalo ni kurudi. Wiki mbili baadaye, bila taarifa, ukiwa na orodha ya majina, unaomba kuwaona watu wale wale. Aliyehamishwa unamfuata alikopelekwa. Mapendekezo nayo yaandikwe yanayoweza kuhesabiwa: "daftari lijazwe kila mtu anapoingia, na OC atie saini saa 12 jioni", badala ya "kituo kiheshimu haki za binadamu".

Ndugu aliye nje ni sehemu ya uangalizi huu pia. Andika saa na mahali mtu wako alipokamatwa, namba ya gari, nguo za waliomchukua. Nenda kituoni, uliza jina lake kwenye SD, na ukiambiwa hayupo mwombe askari huyo jina lake mwenyewe. Tume ya Haki za Binadamu ina makao Kampala na ofisi mikoani, zikiwamo Gulu, Arua, Soroti, Moroto, Jinja, Mbarara na Fort Portal. Wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele yake, haki ambayo katiba haimruhusu yeyote kuisimamisha, na bondi ya polisi ni bure.