Eti marini haihitaji kufungwa kingo

Wiki hii tena, nikitaka kupaka vanishi kingo za shelfu ya bafuni zisinywe maji, nimeambiwa "fundi, hio ni plaiwudi ya marini, ile ya kuhimili maji, wachana na kingo, maji haiingii." Na si mteja aliyeanzisha, ni mwenye hadiwea aliyemuuzia. Nimechoka kubishana, naandika mara moja.

Sifa ya marini iko kwa gluu inayoshikanisha leya zake. Hata uichemshe haiachii. Lakini katikati ya gluu ni mbao tu, inakunywa maji kama mbao ingine, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 20 hivi kuvu wanaanza kula. Angalia ukingo uliotoka kukatwa: leya moja imelala, inayofuata imekuangalia na vitundu vyake. Tonesha maji hapo. Kwa iliyolala tone linakaa kaa, kwa ile ingine linazama linaacha doa jeusi.

Ukingo wa mbele kila mtu anapaka kwa sababu unaonekana. Nani anapaka wa nyuma? Nani anapaka tundu la bomba na matundu ya skrubu? Hizi bafu za bedsita za Roysambu dirisha ni la kupitisha mkono, shawa ya moto ikiwashwa mvuke unageuka maji kwa tailsi, yanateremka pole pole mpaka pale shelfu imegusa ukuta na maji yanatulia hapo. Juu kunang'aa miezi na miezi, alafu siku moja unaona uso umevimba mstari mmoja sambamba na ukuta, na mteja anasema ameuziwa feki. Board haina makosa!! Acha hata milimita 5 kati ya shelfu na ukuta hewa ipite.

Kazi yenyewe ni rahisi. Msasa 120, alafu 180, ile ncha kali iviringe kidogo kwa sababu vanishi haikai kwa pembe kali. Mkono wa kwanza vanishi na thina nusu kwa nusu, rudia mpaka ukingo ukatae kunywa, ndio upige mikono mitatu bila thina. Yote kabla hujafunga shelfu ukutani, si baada.

Tepu ya kupiga pasi, ile inabandikwa kwa ukingo na joto, sitaki kuisikia bafuni. Lipingi ya mbao ngumu, yaani ukanda wa mbao unaobandikwa na gluu kwa ukingo, ndio sijakata shauri: inapendeza na inazuia kugongwa, lakini mbao na plaiwudi hazivimbi sawa, gluu ikifanya ufa mdogo tu maji yanaingia na huoni kitu. Shelfu za jikoni naweka, chini ya sinki siweki. Na ukiweka, wachana na gluu nyeupe ya kawaida.