Je, wajua kwa nini dawa ya tamoksifeni huizuia estrojeni, homoni ya kike, kwenye titi lakini huiiga kwenye mji wa mimba?

Wagonjwa wengi wa saratani ya matiti humeza tamoksifeni ya miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Kwenye titi huizuia estrojeni. Kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba, hufanya kazi kama estrojeni yenyewe. Siri iko kwenye umbo la kipokezi, yaani protini ya seli inayoipokea homoni.

Estrojeni hutengenezwa kutokana na kolesteroli, kwa hiyo hupenya kwa urahisi utando wa seli ambao nao ni wa mafuta. Hukikuta kipokezi chake, mara nyingi ndani ya kiini, ikazama kwenye shimo lake. Hapo kipande kilicho karibu na mwisho wa kipokezi, kiitwacho heliksi ya 12, huja juu na kulifunika shimo kama kifuniko cha sufuria. Kikishakaa sawasawa, kando yake hutokea kijifereji ambamo protini saidizi hujishika. Vipokezi viwili huungana, hushika DNA mahali maalumu, protini saidizi huilegeza, na jeni husomwa. Protini hizo zikikosekana, hata homoni iwe tele, kazi hulala.

Tamoksifeni huingia shimo lilelile, ila ina mkia unaotokeza nje. Kifuniko hakifungi, huangukia kwenye kijifereji na kukiziba. Kwenye seli za titi, nafasi huchukuliwa na protini za kunyamazisha jeni. Seli za mji wa mimba zina wingi wa protini saidizi, nazo hushika upande wa pili wa kipokezi, ambao dawa haiufungi. Jeni zinaendelea kusomwa, na ukuta unaweza kunenepa, hata kupata saratani. Kwa hiyo aliyekoma hedhi akiona damu huku anatumia dawa hii, asisubiri hata kama ni matone tu: aende akapimwe.

Uvimbe usio na vipokezi hausikii dawa hii, ndiyo sababu hupimwa kwanza. Kipande kilichokatwa kiwekwe kwenye fomalini, maji ya kukihifadhi, ndani ya saa 1, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikiachwa mezani, vipokezi huharibika na majibu hutoka hasi kimakosa. Inasikitisha, kwa sababu asilimia 1 tu ya viini vya seli za saratani vikishika rangi inayoonyesha vipokezi, jibu ni chanya na mgonjwa anaweza kufikiriwa kupewa dawa.