Umri wa fuwele si umri wa sumaku yake

Nikisema kwamba kazi yangu ni kupima uga wa sumaku wa Dunia ya kale, watu huniuliza jiwe lina miaka mingapi. Mimi swali linaloninyima usingizi ni jingine: jiwe hilo lilipata sumaku yake lini?

Tuanze na lava. Magnetiti iliyomo ndani yake, yaani madini ya chuma yanayoshika sumaku, ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 580 za Selsiasi, haishiki sumaku ya kudumu. Lava inapopoa kupita hapo, chembe za magnetiti huanza kuelemea upande wa uga uliopo wakati huo, na baridi ikizidi zinakwama hivyohivyo. Ndiyo maana mwaka 1906, huko Ufaransa, mwanafizikia Bernard Brunhes alikuta miamba ambayo sumaku yake imeelekea kinyume kabisa na dira. Ncha za sumaku za Dunia zilikuwa zimegeuzana, na mara ya mwisho zilifanya hivyo takriban miaka 780,000 iliyopita.

Si kila chembe ina kumbukumbu nzuri. Iliyo ndogo mno husahau upesi, kwa sababu hata joto la kawaida la chumbani linatosha kuigeuzageuza. Kubwa mno nayo hugawanyika ndani kwa ndani katika maeneo yanayovutana, kila moja na upande wake. Tunazozitafuta ni za katikati, zenye makumi machache ya nanomita. Mwanafizikia Louis Néel alionyesha mwaka 1949 kwamba chembe ikiongezeka ukubwa kidogo tu, kumbukumbu yake inaruka kutoka dakika hadi mabilioni ya miaka.

Kujua uga ulielekea wapi ni rahisi. Kujua ulikuwa na nguvu kiasi gani ndiko kunakotutoa jasho. Tunalinyang'anya jiwe sumaku yake kidogokidogo: tunalipasha moto, tunalipoza mahali pasipo na uga wowote, tunapima limepoteza kiasi gani. Kisha tunalirudisha kwenye joto lilelile, safari hii likipoa ndani ya uga tuliouweka wenyewe, tuseme mikrotesla 30 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Kama lilichopata ni mara mbili ya lilichopoteza, basi uga wa kale ulikuwa mikrotesla 15. Hesabu ya mtoto wa shule, ila tanuri lina hila: jiwe zima huwa na udongo wa mfinyanzi na madini mengine yanayozaa magnetiti mpya yakipata moto, na hapo unapima tanuri lako badala ya Dunia.

Kwa hiyo tunachomoa fuwele moja moja, za madini kama feldispa au kwatzi, ambazo zimefumbata magnetiti ndani yake kama kokwa. Ganda hilo huilinda. Fuwele yenyewe ni milimita moja au mbili, na sumaku yake ni hafifu kiasi kwamba koleo la chuma haligusi meza yangu. Natumia la plastiki. Niliwahi kushangilia kipimo kizuri kwa siku mbili, kumbe ni vumbi la kisu. Tangu hapo kila fuwele inaoshwa kwa asidi, hata ikionekana safi.

Sasa turudi kwenye swali langu. Huko Jack Hills, Australia, kuna zirkoni, fuwele ndogo za madini magumu, zenye umri wa hadi miaka bilioni 4.4. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba baadhi yake zinaonyesha Dunia ilikuwa na uga tangu miaka bilioni 4.2 iliyopita. Wengine walipozichungulia zirkoni za hapo kwa hadubini zenye nguvu, waliona magnetiti imekaa kwenye nyufa na sehemu zilizoharibika, yaani imeingia baadaye. Urani iliyo ndani ya zirkoni hugeuka risasi polepole, na uwiano wa hizo mbili hutoa umri wa zirkoni. Haziwezi kutuambia mgeni aliyejipenyeza kwenye ufa aliingia lini.

Mimi niko upande wa wenye shaka. Nikiletewa zirkoni, kabla ya kuwasha tanuri naipeleka kwanza kwenye hadubini, nitazame magnetiti imekaa wapi.