Kizuri chajiuza? Muulize muuza leso

Nauza leso katika kiduka Langoni, Lamu. Maneno haya nayasikia kwa wenzangu kila siku, na mengine nimeyasema mwenyewe.

"Kizuri chajiuza."
Hakuna lililonitia hasara kama hili. Leso zangu zatoka Biashara Street, Mombasa. Za jirani zatoka huko huko, pengine robota moja. Rangi ndizo hizo, na bei tunapishana shilingi 20. Sasa mteja atachagua nini, kama si ulimi wa muuzaji?

Siku moja mama wa makamo alinikunjulisha doti sita. Alisoma jina la kila leso polepole, midomo ikimchezacheza. Alipoomba ya saba, nikaguna. Sikutamka neno, niliguna tu. "Pole kwa kukusumbua, mwanangu," akasema, akatoka. Jioni nikamwona apita, nyuma yake kijana kajitwika furushi: sare za harusi, doti 20, kutoka duka la pili. Leso husomwa kwanza. Anayeinunua ananunua maneno atakayompelekea mtu, au atakayomfumbia, na maneno hayachaguliwi mbio mbio.

"Uchangamfu ni wa watalii."
Wakati wa kusi mahoteli kadhaa hufunga. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, na tena 2020 kwa korona, wageni walikatika kabisa. Waliobaki kununua ni mama zetu wa mitaani. Na wao hawasahau siku uliyowaacha wamesimama mlangoni ukamkimbilia Mzungu mwenye kamera, ambaye hata leso hakununua. Mtu mzima aingiapo, salamu kwanza, halafu hali ya nyumbani, ndipo bei. Anayeona huko ni kupoteza wakati hajakaa Lamu.

"Mteja ni mfalme, kwa hivyo kila kitu umwitikie ndiyo."
Wafalme ndio hudanganywa sana. Adabu ni kumwambia, "Bibi, hii nyekundu yachuja, usiifue na nguo nyeupe," hata kama ataiacha. Na akikutukana, waweza kumwomba aondoke bila wewe kupaza sauti.

"Mali ikiuzwa hairudishwi."
Kibandiko hiki utakiona duka baada ya duka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 champa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mwaka 2012 ikaja sheria ya kuwalinda watumiaji. Karatasi ya ukutani haifuti hayo. Doti ikirudi na chapa iliyokwenda upande, mimi hubadilisha, tena bila kununa.

Kibandiko changu nilikikuta na duka. Nimekibandua mwezi uliopita, lakini gundi imegoma kutoka, na wateja bado huniuliza pale paliandikwa nini.