Je, wajua kwa nini jina la ukoo Katz halitokani na paka?

Anayefungua kamusi ya Kijerumani na kutafuta neno la paka atakuta Katze. Akiondoa irabu ya mwisho, anabaki na Katz, jina la ukoo lililoenea sana miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani na Ulaya ya Mashariki. Jibu linaonekana kujileta lenyewe: ukoo huu ulipewa jina la paka, kama koo nyingine zilivyopewa majina ya simba na mbwa-mwitu. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi, tangu nilipojifunza Kijerumani cha mwanzo. Haikuwa kweli. Kwa familia za Kiyahudi, Katz si neno la Kijerumani, na kwa hakika si neno la lugha yoyote, bali ni herufi mbili za Kiebrania zilizosomwa kwa pamoja.

Kosa hili lina mvuto wake, na inafaa kulichunguza kabla ya kuliacha, kwa sababu majina ya wanyama yapo kweli miongoni mwa Wayahudi wa Ujerumani. Katika sura ya 49 ya kitabu cha Mwanzo, Yakobo anapowabariki wanawe, Yuda anafananishwa na mwanasimba, Naftali na ayala, Benyamini na mbwa-mwitu. Kutokana na baraka hizo, Wayahudi waliozungumza Kijerumani na Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya iliyo jamaa ya Kijerumani, walizoea kumwita Yuda kwa jina la Löw, yaani simba, Naftali kwa jina la Hirsch, yaani ayala, na Benyamini kwa jina la Wolf, yaani mbwa-mwitu. Majina hayo ya utani wa heshima baadaye yakawa majina ya ukoo. Anayelijua hilo atamwongeza paka kwenye orodha bila kusita. Hata hivyo, hakuna mwana wa Yakobo aliyefananishwa na paka, na zaidi ya hapo, paka wa nyumbani hatajwi popote katika Maandiko ya Kiebrania. Mlango ambao simba na ayala walipitia kuingia katika majina ya watu haukuwapo kwa paka.

Wengine husimulia kwamba jina hilo lilitolewa na makarani wa serikali. Ni kweli kwamba mwaka 1787 Kaisari Yosefu wa Pili wa Austria aliamuru Wayahudi wa milki yake wachukue majina ya kudumu ya ukoo, kwa Kijerumani, na kwamba amri za namna hiyo zilifuata Prussia mwaka 1812 na Bavaria mwaka 1813. Pia zipo simulizi za makarani waliouza majina mazuri kwa wenye fedha na kuwabandika maskini majina ya kuwadhalilisha, lakini watafiti wa majina huzipokea kwa tahadhari. Kwa jina la Katz hatuhitaji hata kuamua ugomvi huo, kwa kuwa jina lilikuwapo kabla ya amri hizo zote. Katika makaburi ya Kiyahudi ya Frankfurt am Main kuna jiwe la mwaka 1618 lenye jina hilo, na katika makaburi ya Prague kuna jiwe ambalo, ikiwa maandishi yake yamesomwa sawasawa, ni la mwaka 1536. Karani wa 1787 hakuwa na la kubuni, kwa maana jina lilikuwa limekwisha kuvaliwa na vizazi kadhaa.

Basi herufi hizo mbili ni zipi? Ya kwanza ni kafu, ambayo hapa husomeka kama k, na ya pili ni tsadi, ambayo sauti yake ni ts. Huandikwa כ״ץ, kutoka kulia kwenda kushoto, na vile vistari viwili vidogo vilivyosimama kati yake ndivyo kiini cha habari hii yote, kama tutakavyoona. Kafu inasimama badala ya neno kohen, na tsadi badala ya neno tzedek. Kwa Kiswahili, kohen tzedek ni kuhani wa haki.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mjerumani hana, kwa sababu maneno yote mawili ni jamaa wa maneno tunayoyatumia kila siku. Kuhani wetu tulimpata kupitia Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania, na mzizi wake, k-h-n, ndio ule ule wa kohen. Tzedek nalo lina mzizi wenye konsonanti tatu zinazolingana na zile zilizotupa sadaka, sadiki na jina la Swadiki. Ndani ya Biblia ya Kiswahili mzizi huo umejificha katika majina mawili ya makuhani: Sadoki, aliyehudumu enzi za Daudi na Sulemani, na Melkizedeki, mfalme na kuhani aliyembariki Abramu. Inawezekana kwamba waliotunga kifupisho walikuwa wanaukumbuka mstari wa Zaburi 132 unaosema, “Makuhani wako na wavikwe haki,” au wanamkumbuka Melkizedeki mwenyewe. Maelezo yote mawili hutolewa, nami sioni sababu ya kulazimisha moja.

Sasa twende kwenye namna herufi mbili zinavyogeuka kuwa jina, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu. Sisi tuna mazoea ya kufupisha majina marefu ya taasisi. Baraza la Kiswahili la Taifa huitwa BAKITA, na jina hilo hutamkika bila taabu kwa sababu tunachukua silabi za mwanzo, ba, ki na ta, nazo huja na irabu zake. Mwandishi wa Kiebrania hafanyi hivyo. Maandishi yake kwa kawaida huonyesha konsonanti na kumwachia msomaji kazi ya kutia irabu, kama mtu anayeandika k-t-b na kutegemea tujue kutokana na maneno ya jirani kama amekusudia kitabu, katibu, katiba au kutubu. Basi anapofupisha huchukua herufi ya kwanza ya kila neno, akapata konsonanti tupu, na wasomaji kwa desturi huzitilia irabu a ili zitamkike. Rabi Moshe ben Maimon, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki mwaka 1204, ndivyo alivyopata kuitwa Rambam: R-M-B-M, pamoja na a mbili za kusaidia ulimi. K-Ts kwa kanuni hiyo hiyo husomeka Kats.

Tujaribu kuivalisha BAKITA kanuni hiyo. Ingeandikwa B-K-T, na wasomaji wangeitamka Bakat. Haidhuru, maadamu kila anayeiona anajua kwamba ni kifupisho. Lakini tuchukulie kwamba jina hilo linafika Jakarta likiwa limeandikwa kwa herufi za kawaida tu. Katika Kiindonesia lipo neno bakat, na maana yake ni kipaji. Mwindonesia mwenye akili timamu angesema kwamba baraza hilo limejiita Kipaji, na maelezo yake yangekuwa ya kueleweka, yenye mantiki, na yasiyo ya kweli hata kidogo. Ndivyo ilivyotokea kwa Katz, isipokuwa kwamba safari yake haikuwa ya kuvuka bahari, bali ya kutoka katika hati za Kiebrania za sinagogi kuingia katika daftari la Kijerumani la karani, pengine umbali wa mitaa miwili.

Vile vistari viwili ndivyo vilivyopotea njiani. Katika Kiebrania, alama hiyo huwekwa kabla ya herufi ya mwisho ili kumwonya msomaji kwamba anachokiona si neno la kawaida bali ni kifupisho. Herufi za Kilatini hazina alama yenye kazi hiyo. Karani aliposikia Kats aliandika kwa tahajia aliyoizoea, ambayo huweka tz mahali pa sauti ya ts, na papo hapo jina likafanana na mnyama. Wala si jina hili peke yake lililopatwa na jambo hilo. Shaliach tzibbur, yaani mwakilishi wa kusanyiko anayeongoza sala, alifupishwa kwa herufi mbili zinazosomeka Schatz, na kwa Kijerumani Schatz ni hazina. Kahn, ambalo ni umbo jingine la kohen, kwa Kijerumani ni mtumbwi. Kuhani mmoja, paka na mtumbwi!

Lakini kwa nini mtu atake kuandika ukuhani wake mwishoni mwa jina? Kwa Wayahudi kohen si kazi ambayo mtu huomba. Ni nasaba inayohesabiwa kwa baba, na mapokeo huifikisha kwa Haruni, nduguye Musa. Hekalu la Yerusalemu liliharibiwa mwaka 70, na dhabihu zikakoma, ila nasaba haikukoma: mpaka leo kohen huitwa wa kwanza Torati inaposomwa katika sinagogi, huwabariki watu kwa mikono iliyoinuliwa, na kwa mujibu wa sheria ya dini hapaswi kugusa maiti wala kumwoa mwanamke aliyepewa talaka. Watu wa pwani yetu watamwelewa wakimfikiria sharifu, ambaye huupata usharifu kwa baba, naye hutajwa kwa cheo hicho hata kama hana mamlaka yoyote. Kama ambavyo Shariff sasa ni jina la ukoo katika vitambulisho vya wengi, ndivyo K-Ts, iliyoanza kama cheo kinachofuata jina la mtu kwenye sahihi na kwenye kaburi, ilivyoganda kuwa jina la watoto na wajukuu.

Hapo ndipo inapobidi kupunguza uhakika. Si kila Myahudi aitwaye Katz ni kohen. Katika jimbo la Galicia chini ya Austria, ndoa nyingi za Kiyahudi zilifungwa kidini tu bila kusajiliwa serikalini, na kwa hiyo watoto waliandikishwa kwa jina la ukoo la mama yao. Binti wa kohen aliyeolewa na mtu wa kawaida angeweza hivyo kuwarithisha wanawe jina la Katz bila kuwarithisha ukuhani, ambao kwa sheria ya dini hupita kwa baba pekee. Mwaka 1997 kundi la watafiti akiwamo Karl Skorecki lilichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana, likaonyesha kwamba wanaume waliojitambulisha kuwa makohen walitofautiana kwa wastani na Wayahudi wengine. Ni matokeo ya kuvutia sana, lakini yanahusu kundi kwa jumla, na hayamthibitishi wala kumkanusha mtu mmoja kwa sababu ya jina lake.

Vilevile, si kila Katz ni Myahudi. Wapo Wajerumani Wakristo wenye jina hilo, na kwao asili yake yaweza kweli kuwa paka, kwa njia ya jina la utani la babu wa zamani. Koo mbili zinaweza basi kuishi mtaa mmoja zikiwa na jina lenye tahajia moja na lisilo na asili moja. Yapo pia majina marefu yanayoanza na sauti hizo ambayo ni habari nyingine kabisa: Katzenellenbogen, jina la ukoo mashuhuri wa marabi, linatokana na mji wa Katzenelnbogen ulioko magharibi mwa Ujerumani, si na ukuhani.

Kuhusu kuenea kwake, jina lilifuata njia za watu. Wayahudi walipohamia mashariki, Poland na kwingineko, lilikwenda nao na kubadili mavazi: Kipolandi, ambacho herufi c ndiyo ts yake, huliandika Kac, kama lilivyoandikwa la mwanahisabati Mark Kac, aliyezaliwa Krzemieniec mwaka 1914. Anayelisoma Kak au Kach amekosea. Linatamkwa sawa na Katz. Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi wapatao 500,000. Zaidi ya nusu walifanikiwa kuondoka kabla ya kuhama kupigwa marufuku mwaka 1941, na wengi wa waliobaki waliuawa. Miongoni mwa walioondoka alikuwa Bernard Katz, mzaliwa wa Leipzig, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1935 na mwaka 1970 akashiriki Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wa jinsi mishipa ya fahamu inavyoipelekea misuli ujumbe. Leo wengi wa wenye jina hili wako Marekani na Israeli. Huko Israeli jina la ukoo linaloongoza kwa wingi ni Cohen, lenye maana hiyo hiyo ya kuhani, na Katz ni mojawapo ya majina ya kawaida kwa wenye asili ya Ulaya.

Katika makaburi ya Kiyahudi ya Ujerumani yaliyosalimika, mawe mengi ya karne ya 19 yana Kiebrania upande mmoja na Kijerumani upande wa pili. Kwenye kaburi la kohen mara nyingi utaona mikono miwili imechongwa, vidole vimetanuliwa kwa ajili ya baraka. Upande wa Kijerumani umeandikwa Katz, na msomaji anaweza kumfikiria mnyama yeyote amtakaye. Upande wa pili, chini ya mikono ile, vistari viwili bado vipo.